Koleo Limetoka kwa Nani?

Anayeumwa jino haulizi maswali. Kabla ya kutoka nyumbani ameshindana nalo: amesukutua maji ya chumvi, ameweka karafuu kwenye tundu, amemeza dawa ya maumivu ya dukani, amefunga shavu kwa kitambaa. Akitoka Sepuka, Mgori au Mitundu kwenda kutafuta huduma, kwa baiskeli, bodaboda au basi la asubuhi, huwa amekosa usingizi siku tatu au nne. Akifika na kufumbua mdomo ana ombi moja tu: ling'oke. Hamwulizi tabibu koleo lile limetoka kwa nani, limeoshwa na nini, limechemshwa kwa muda gani.

Insha hii ni historia ya swali hilo. Linaonekana dogo, lakini dunia ilichukua karibu karne nzima kujifunza kuliuliza, na wengi waliougua kwa sababu halikuulizwa hawakupata kujua walichougua. Katika mkoa kama Singida, jibu lake limetegemea vitu ambavyo havitajwi sana katika vitabu vya historia ya tiba: sufuria, mkaa, brashi na maji.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai, tumbo linalojaa maji, mwili unaokonda huku tumbo likikua: dalili hizi watu wetu wamezijua siku zote, na wamezitafutia sababu nyingi, pamoja na kurogwa. Madaktari nao walichelewa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wamevitambua virusi viwili vya homa ya ini, aina ya A inayopita kwenye chakula na maji machafu, na aina ya B inayopita kwenye damu na majimaji ya mwili. Mwaka 1975, Harvey Alter na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani waliripoti jambo la kutatanisha. Wagonjwa waliougua ini baada ya kuongezewa damu walipopimwa, wengi hawakuwa na A wala B. Ugonjwa wao ukaitwa hivyo hivyo, homa ya ini isiyo A wala B. Ulikaa na jina hilo la kukanusha kwa miaka 14.

Mwaka 1989, Michael Houghton, Qui-Lim Choo na George Kuo wa kampuni ya Chiron, wakishirikiana na Daniel Bradley wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walitangaza kwamba wamekipata kirusi chenyewe. Kikaitwa aina ya C. Kipimo cha damu kikafuata mara moja. Mwaka 2020 Alter, Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo.

Tarehe hizi zina maana kubwa kwa mtu wa Singida kuliko zinavyoonekana. Maana yake ni kwamba kabla ya 1989 hakuna aliyeweza kukitafuta kirusi hiki, hata aliyekuwa na maabara nzuri kuliko zote duniani. Na kirusi chenyewe ni cha kimya. Kati ya watu 10 wanaoambukizwa, karibu 7 hubaki nacho mwilini, na wengi wao hawasikii lolote kwa miaka. Katika hao waliobaki nacho, kati ya 15 na 30 kwa kila 100 ini lao hujaa makovu ndani ya miaka 20, na baadhi hupata saratani ya ini. Mtu aliyekipata kwenye sindano au koleo mwaka 1975 anaweza kuwa alianza kuvimba tumbo mwaka 1995. Nani angekumbuka jino lililong'olewa miaka 20 nyuma? Jino lilikuwa limepona. Pengo lilikuwa limezoeleka.

Tofauti na aina ya B, ambayo watoto wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa katika chanjo za kawaida tangu 2002, aina ya C haina chanjo mpaka leo. Kinga yake imebaki kuwa ile ile ya zamani: damu ya mtu mmoja isiingie kwa mwingine.

Imeingiaje, basi? Hapa historia inakuwa chungu, kwa sababu walioisambaza zaidi hawakuwa watu wabaya.

Katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iligundua kwamba kuna tiba moja ya kizungu ambayo watu wanaifuata wenyewe bila kulazimishwa. Ilikuwa sindano ya buba. Buba ulikuwa ugonjwa wa vidonda vikubwa vilivyomshika mtoto usoni, miguuni na makalioni, na kwa wengine uliharibu mifupa. Ukidungwa sindano, vidonda vilikauka ndani ya siku chache. Habari zilienea, watu wakatembea mwendo mrefu na kupanga foleni. Miaka ya 1950 ikaja penisilini, ambayo dozi moja ilitosha. Kati ya 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46 na kutibu watu wapatao milioni 50. Ni moja ya kazi kubwa za huruma za karne ile, na ndiyo iliyoipa sindano sifa ambayo bado inayo. Hata leo wapo wanaotoka zahanati na vidonge mkononi wakilalamika kwamba hawakutibiwa, kwa kuwa hawakuchomwa.

Lakini bomba la wakati ule lilikuwa la kioo na sindano ilikuwa ya chuma, na zote mbili zilitumika tena na tena. Kituo kilikuwa na sindano chache na foleni ya mamia. Kuchemsha baada ya kila mtu kulihitaji muda, kuni na mikono ambayo haikuwapo. Kilichofanyika mahali pengi ni kufuta, au kusuuza, au kubadilisha sindano na kuacha bomba lile lile.

Matokeo yake yalionekana wazi zaidi Misri. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Misri iliwatibu wakulima wa bonde la Nile ugonjwa wa kichocho kwa mfululizo wa sindano za dawa ya antimoni, wiki baada ya wiki, kwa mabomba yaliyotumika kwa watu wengi. Kichocho kilipungua. Kipimo cha homa ya ini C kilipopatikana, ikaonekana kwamba Misri ndiyo nchi iliyoathirika kuliko zote duniani: katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2008, karibu watu 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na alama za kirusi hicho kwenye damu. Katika nchi za Afrika ya Kati pia, watafiti kama Jacques Pépin wa Kanada wamewapima wazee na kukuta kwamba matibabu ya sindano ya enzi za ukoloni yaliacha kirusi hiki miilini mwao. Aliyetibiwa alipona ugonjwa mmoja akaondoka na mwingine usio na jina.

Tanzania haikupigwa kiasi hicho. Uchunguzi uliofanywa kwa wachangia damu 1,599 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2004 na 2005 ulikuta aina ya B kwa asilimia 8.8, virusi vya UKIMWI kwa asilimia 3.8, na aina ya C kwa asilimia 1.5. Hao ni wachangia damu wa Dar es Salaam, hawawakilishi kila kijiji. Lakini wanatupa picha. Katika foleni ya watu 100 wanaosubiri kung'olewa jino, mmoja au wawili wanaweza kuwa na C bila kujua, na wengine zaidi wana B. Kwa anayefuata kwenye kiti, la maana ni kama koleo limesafishwa tangu alipoondoka aliyetangulia, maana nani ana nini haonekani kwa macho.

Mdomo una hatari zake. Jino haling'oki bila damu. Kabla ya kung'oa, fizi huchomwa ganzi kwa sindano. Koleo lina kiungo katikati, kama mkasi, na damu huingia humo na kukauka mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mashine ya kutobolea meno ina mirija ndani inayoweza kuvuta mate na damu ya mgonjwa na kuitema kwa anayefuata. Watafiti wamekuta kwamba kirusi cha C kinaweza kubaki hai kwenye tone lililokauka kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kusema koleo limekaa tangu jana bila kutumika si kinga.

Nchi tajiri nazo zilichelewa kulisikia hili. Mwaka 1990 ilitangazwa kwamba mgonjwa mmoja wa Florida, Marekani, ameambukizwa virusi vya UKIMWI kwa daktari wake wa meno. Uchunguzi ulipoendelea wakafika sita. Ni baada ya hofu hiyo ndipo mamlaka za Marekani zilipoweka mkazo kwamba mashine za kutobolea meno zitakaswe kwa joto kati ya mgonjwa na mgonjwa, badala ya kufutwa kwa dawa tu. Na miaka 23 baadaye, mwaka 2013, katika jiji la Tulsa, jimbo la Oklahoma, barua zilitumwa kwa wagonjwa wapatao 7,000 wa daktari mmoja wa upasuaji wa kinywa. Wakaguzi walikuwa wamekuta vifaa vyenye kutu na utakasaji usiofuata taratibu. Waliojitokeza kupimwa katika vituo vya serikali walikuwa 4,202. Kati yao 89 walikutwa na homa ya ini C, 5 na aina ya B, na 4 na virusi vya UKIMWI. Wengi wa hao huenda walivipata kwingine, kwa kuwa ukipima watu maelfu utakuta wenye virusi. Lakini kwa mmoja, vipimo vya vinasaba vilithibitisha kwamba kirusi chake kimetoka kwa mgonjwa mwingine wa pale pale. Ilikuwa mara ya kwanza Marekani kuthibitisha maambukizi ya C kutoka mgonjwa hadi mgonjwa katika kliniki ya meno.

Inachukua nguvu kubwa kuthibitisha tukio moja la namna hiyo: kumbukumbu za nani alitibiwa siku gani, maabara ya vinasaba, na maelfu ya watu kurudi kupimwa. Ikiwa Tulsa ilihitaji vyote hivyo, tuelewe kwa nini matukio ya namna hiyo katika vituo vya vijijini vya Afrika hayana majina wala hesabu. Kutoandikwa kwake hakutuambii kwamba hayakutokea.

Sasa turudi nyumbani. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Madaktari wa meno walikuwa adimu zaidi ya hao, na waliokuwapo walikaa mijini. Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963 ukiwa na hospitali chache na zahanati zilizotawanyika katika nchi kavu ya mawe na miombo, kutoka Iramba kaskazini hadi Itigi na Rungwa kusini. Hospitali zilizoanzishwa na misheni, kama Makiungu na Iambi, zilibeba sehemu kubwa ya mzigo. Jino likiuma, aliyeling'oa alikuwa mganga yeyote aliyepo, mwenye koleo moja au mawili aliyokabidhiwa na mtangulizi wake, mara nyingi bila mafunzo zaidi ya kuonyeshwa.

Singida ina jambo lake jingine kuhusu meno. Maji ya visima vingi vya mkoa huu yana madini mengi ya floraidi, na watoto wanaokua wakiyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Mtu wa Singida anaweza kutambuliwa mjini kwa tabasamu lake. Madoa hayo si kuoza, lakini yamewafanya watu wengi waamini kwamba meno yao yameharibika tangu mwanzo na hayana haja ya kutunzwa. Dawa ya jino bovu ni kung'oa. Na kung'oa ndiyo kazi inayomwaga damu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wa meno kwa msaada wa Finland, na vyuo vya matabibu wa meno vikafunguliwa mikoani. Katikati ya miaka ya 1980, kutoka shule hiyo ya Dar es Salaam, lilizaliwa wazo lililozunguka dunia. Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi hapa, alijikuta na mashine ya kisasa ya kutobolea meno isiyo na faida vijijini, kwa kuwa hakuna umeme. Akajaribu kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake na kuziba tundu kwa saruji ya meno inayogandamana na jino. Njia ile ilifanya kazi. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo ifae nchi zote.

Kwa kawaida njia hii husifiwa kwa kuokoa meno na kwa kutohitaji umeme. Faida yake ya tatu haitajwi sana. Kijiko cha chuma cha kukwangulia hakina mirija wala injini. Ukikisugua kinakuwa safi, ukikichemsha kinavumilia. Na jino lililozibwa ni jino lisilong'olewa, maana yake ni koleo moja lisilohitajika.

Wakati Muhimbili inafundisha hayo, vijijini kulikuwa na uganga mwingine wa meno ukienea. Katika miaka hiyo ya 1980 mama mwenye mtoto mchanga anayeharisha, kutapika na kuwa na homa alianza kuambiwa kwamba mtoto ana meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Fizi za mtoto zilionyesha uvimbe mweupe, na ndani yake, ukitumbuliwa, kulikuwa na kitu laini cheupe kama kifuu cha mdudu. Kitu hicho ni chipukizi la jino la utotoni, chonge ambalo halijatoka. Mganga alilichimbua kwa ncha ya kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Desturi hii si yetu peke yetu: Jens Pindborg, mtaalamu wa Denmark, aliieleza kati ya Waacholi wa Uganda mwaka 1969, na inajulikana Kenya, Sudan na Ethiopia. Jina la plastiki ndilo la kwetu, na la wakati wake, kana kwamba ndoo na sandali mpya zilizojaa madukani ziliingia hadi kwenye fizi za watoto.

Mama aliyempeleka mtoto hakuwa mjinga. Mtoto wake alikuwa anakufa kwa kuharisha, zahanati iko mbali au haina dawa, na jirani ana mfano wa mtoto aliyepona. Lakini spoku ile ile ilipita kwenye mdomo wa mtoto mmoja na kuingia kwa mwingine siku ile ile. Wengine walitokwa damu hadi kufa, wengine walipata pepopunda, na wengi walikua bila machonge ya kudumu. Singida inaufahamu mfano mwingine wa namna hiyo, wa lawalawa, jina la maradhi ya sehemu za siri za watoto lililotumika tangu serikali ilipoanza kupinga ukeketaji, ili kisu kiendelee kwa jina la tiba. Katika tafiti za taifa, wanawake waliokeketwa Singida walishuka kutoka asilimia 51 mwaka 2010 hadi 31 mwaka 2015 na 2016. Lawalawa na meno ya plastiki vimepigiwa kampeni kwa sababu ya mila yenyewe. Wembe na spoku vilivyohama kutoka damu hadi damu havikuzungumzwa kiasi hicho.

Kilichobadilisha mazungumzo ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na baada ya miaka michache hakuna aliyehitaji kufundishwa kuogopa damu. Wahudumu waliozoea kung'oa kwa mikono mitupu walianza kudai glavu. Wagonjwa walianza kununua bomba la sindano dukani na kwenda nalo hospitali mfukoni. Hofu ile ilifanya kazi ambayo homa ya ini isingeweza kuifanya, kwa kuwa homa ya ini haikuwa na sura wala nyimbo wala mabango. Na hatari ya C ilikuwa kubwa zaidi kwa kila tukio: mhudumu akichomwa na sindano yenye damu, uwezekano wa kupata virusi vya UKIMWI ni karibu 3 katika 1,000, wa C ni karibu 18 katika 1,000, na wa B kwa asiyechanjwa unaweza kufika 300. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya kirusi kimoja iliwazuia wote watatu.

Hata hivyo kazi ilikuwa bado. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 peke yake, sindano zilizotumika tena duniani ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini B na watu milioni 2 aina ya C. Mabomba ya kisasa yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja yalikuja kuwa jibu la upande huo. Mwaka 2015 shirika hilo lilizitaka nchi zote zihamie kwenye mabomba salama ya namna hiyo ifikapo 2020. Lakini koleo halijifungi. Huwezi kutengeneza koleo la kutupa kwa bei ambayo zahanati ya Mkalama itaimudu. Litatumika tena kesho, na keshokutwa, na pengine kwa miaka 30. Usalama wake hauwezi kununuliwa mara moja kiwandani. Inabidi utengenezwe upya kila siku, na mtu.

Hapa ndipo sufuria inapoingia.

Mwaka 1679, Mfaransa Denis Papin, akiishi London, alitengeneza chungu chenye kifuniko kinachobana ili kulainisha mifupa kwa mvuke. Miaka 200 baadaye, mwaka 1879, Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur mjini Paris, alichukua wazo lile lile na kutengeneza otoklevu, mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo ambao mpaka leo uko katika kila chumba cha upasuaji. Chombo cha jikoni kikawa cha hospitali. Tanzania vijijini safari ilikwenda kinyume. Otoklevu ya umeme ikiletwa mahali pasipo umeme inageuka kabati. Kwa hiyo waliowafundisha matabibu wa vijijini kung'oa meno kwa usalama wamerudi kwenye sufuria ya presha, ile ile ya kuchemshia maharage, juu ya jiko la mkaa. Shirika la Bridge2Aid, lililoanzia Mwanza, limewafundisha matabibu wengi namna hiyo. Mwongozo wa huduma za msingi za kinywa uliotolewa na Frencken na wenzake mwaka 2002, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, nao umejengwa juu ya msingi huo wa vitu vinavyopatikana.

Kwa Singida kuna sababu ya ziada ya kuithamini sufuria hiyo. Mji wa Singida uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwa hiyo maji yanayochemka Dar es Salaam kwa nyuzi 100 huchemka Singida kwa nyuzi 95 hivi. Joto hilo, likikaa dakika za kutosha, linaua virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Haliui mbegu za vijidudu kama vya pepopunda, ambazo zinastahimili kuchemshwa. Ndani ya sufuria iliyofungwa mvuke hubanwa, na pwani joto hufika nyuzi 121. Nyanda za juu hupungua kidogo, ndiyo maana huko muda huongezwa.

Na hata sufuria si mwanzo wa kazi. Mwanzo ni brashi. Koleo linafunguliwa, linasuguliwa kwenye maji ya sabuni mpaka kiungo cha katikati kionekane cheupe, kwa sababu damu iliyokauka ni blanketi, na kijidudu kilichojifunika hakipati joto. Kisha linasuuzwa, linapangwa ndani ya sufuria juu ya maji bila kujazana, kifuniko kinafungwa, na saa inahesabiwa tangu mvuke unapoanza kupiga mluzi, si tangu mkaa ulipowashwa. Likitoka linaachwa likauke na kuwekwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Anayefanya haya kwa wagonjwa 15 akiwa na seti tatu za makoleo lazima asimame na kusubiri. Wagonjwa wanaona anachelewa. Shavu linauma, basi la kurudi linaondoka saa nane, na kuna sauti zinazosema tabibu wa zamani alikuwa na mkono mwepesi.

Subira hiyo ndiyo kinga. Misri iliikosa, na Tulsa, yenye umeme, fedha na mashine, iliikosa pia.

Hadithi ya C imepata mwendo mwingine katika miaka ya karibuni. Mwishoni mwa 2013 Marekani iliidhinisha kidonge cha sofosbuviri, ambacho pamoja na dawa wenzake kinamponya mgonjwa kabisa kwa wiki 12, katika zaidi ya visa 95 kwa 100. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 84,000. Misri ilijadiliana hadi dola 900, kisha ikatengeneza yenyewe kwa bei ndogo zaidi. Kati ya 2018 na 2019 ilipima watu wazima karibu milioni 50 na kutibu waliokutwa nacho, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa iko mbele ya nchi zote kwenye njia ya kuutokomeza ugonjwa huu. Nchi iliyoambukizwa na kampeni ya sindano ilijiponya kwa kampeni ya vidonge.

Habari hiyo inapaswa kutufurahisha, lakini isitulaze. Dawa inamponya aliyepimwa, na anayepimwa ni yule anayejua kwamba ana sababu ya kupimwa. Mzee wa Ndago au Shelui mwenye tumbo lililojaa maji hajawahi kuambiwa kwamba sindano ya utotoni au jino la ujanani linaweza kuwa na uhusiano nalo. Waliong'olewa meno au kudungwa sindano miaka ile, kabla ya glavu na mabomba ya kutupa, ndio wenye haki ya kwanza ya kipimo, na kipimo chenyewe ni tone la damu kwenye kidole.

Kwa wanaong'olewa leo, hakuna sababu ya kulikimbia koleo. Jino lililooza likiachwa linaweza kuua kwa usaha unaopanda shingoni, na watu hufa hivyo. Mgonjwa aende, na aulize koleo limetakaswa vipi. Tabibu mwenye sufuria hatachukia, atamwonyesha. Swali hilo linamsaidia yeye pia, kwa sababu akipeleka maombi yake ya robo mwaka halmashauri, fungu la kwanza kukatwa huwa la vitu vinavyoonekana vya jikoni: mkaa, brashi, sabuni, mpira mpya wa kifuniko cha sufuria. Mpira huo ukichakaa mvuke unavuja, mluzi haulii, na joto halipandi. Ni kipande cha mpira cha bei ndogo kuliko sahani ya chipsi. Kiandikwe kwenye bajeti, na kinunuliwe.